Mchungwa wa Mama Haukupigwa Jicho



Dada zetu wapenzi, na nyinyi bibi harusi mnaohesabu siku, leo hatuna mshono mpya wa kukuonyesheni. Leo tuna habari ya mti mmoja uani kwetu, na ya dhambi tuliyoifanya kwa sababu ya mti huo. Tumeona bora tuiseme wenyewe, huenda ikamzuia mwengine asianguke pale tulipoanguka sisi.

Kwa asiyetujua, sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, sote tumeshavuka thelathini. Tulimaliza kidato cha nne, tukaenda kusomea ushoni, tukaanza na cherehani moja ya kukanyaga chumbani kwa mama. Sasa alhamdulillah tunazo tano, na kazi yetu kubwa ni nguo za harusi.

Mchungwa ulipandwa na mama. Marehemu baba alirudi shamba siku moja na miche miwili ya kubebesha, yote imetoka mti mmoja. Mmoja akampa mama aupande uani. Wa pili akampelekea jirani yetu, ambaye tangu udogoni tunamwita Mama Mdogo ingawa hatuna damu naye. Tulikua chini ya miti hiyo miwili. Machungwa yake yalikuwa matamu mpaka wageni wakiuliza tumenunua wapi.

Biashara ilipokua tukataka chumba cha kushonea. Mchungwa ulikuwa umesimama hasa pale ukuta unapopita. Hatukutaka kuung'oa, kwa kuwa ni mti wa mama na baba keshatangulia mbele ya haki. Tukausogeza ukuta kidogo, tukaukata mti chini kabisa, tukabakisha kisiki cha urefu wa kiganja. Tulijua utachipua, na kweli ulichipua. Ulichipua kwa nguvu, majani mapana ya kijani kizito, na miba mirefu kama sindano za magunia. Mama akautazama akasema, "Huu mbona umekuwa mkali?" Tukacheka.

Mwaka wa nne ukazaa. Siku hiyo alikuja bibi harusi na mama yake na shangazi zake kupima gauni. Tukachuma, tukakamua, tukawatilia glasi. Bibi harusi alipiga funda moja, macho yakamtoka maji. Ukali, na nyuma ya ukali uchungu unaobaki kwenye ulimi. Mama akaonja, akaweka glasi chini, akaingia ndani bila kusema neno.

Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Tukaanza kukumbuka. Nani alikuwa akiusifu mti huu kila akipita? Mama Mdogo. Nani mti wake bado mtamu wakati wetu umegeuka? Mama Mdogo. Siku ile alipousifu, alisema mashaallah au hakusema? Mmoja wetu akasema hakusema. Mwengine hakukumbuka, lakini akakubali. Ikawa basi. Mti umepigwa jicho.

Dada zetu, jicho lipo, dini imetufundisha, wala hatukanushi. Lakini kulijua kuwa lipo ni jambo moja, na kumtaja mtu kwa jina bila ushahidi ni jambo jengine. Sisi tulimtaja. Hatukumwambia yeye, tuliwaambia wateja, huku tukiwa na pini midomoni. Ramadhani ilipoingia hatukumpelekea sahani ya futari, na yake ilipokuja tuliirudisha tupu. Mwanamke mtu mzima anaelewa sahani tupu. Baada ya miezi michache binti yake akaolewa. Nguo zote zilishonwa kwa fundi mwengine. Sisi tulikaa ndani tukisikiliza ngoma ikipigwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mtoto tuliyembeba mgongoni. Mama alivaa buibui akaenda peke yake.

Aliyetufungua macho ni mume wa mteja wetu mmoja, bwana shamba kwa kazi yake. Alikuja kuchukua kanzu, akausimamia ule mti kwa muda. Akauliza, "Huu mdanzi mmeupanda wa nini?" Tukamjibu kuwa huo ni mchungwa. Akachuma jani moja, akaomba jani la mchungwa wa kweli. Ilibidi mtoto atumwe kwa Mama Mdogo.

Akayaweka majani mawili juu ya meza yetu ya kukatia. Kila jani lina kikonyo, na kikonyo kina vibawa viwili pembeni. Kwenye jani la Mama Mdogo vibawa vilikuwa vyembamba, huvioni mpaka uangalie. Kwenye jani letu vilikuwa vipana, kama jani dogo limeungwa chini ya jani kubwa. "Huu ni mdanzi," akasema. "Mchungwa wenu mliukata mkautupa."

Kisha akatueleza. Mche wa kubebesha ni miti miwili katika shina moja. Chini kuna mti wenye mizizi madhubuti. Wengine hutumia mlimau, wengine mdanzi. Juu huwekwa jicho la mchungwa mtamu. Ndiyo, dada zetu, kile kichipukizi kidogo kinachokaa kwapani mwa jani, wakulima hukiita jicho. Jicho hilo likishika, wa chini hukatwa kichwa na jicho hukua likawa mti. Sisi tulikata chini ya maungio. Tamu yote ilikwenda na matawi, uliobaki ni mdanzi, nao ukachipua mdanzi, kama ulivyoumbwa. Kwa hiyo mti wetu haukupigwa jicho. Ulikuwa umepoteza jicho, na tulioliondoa ni sisi, kwa panga letu wenyewe.

Usiku ule hatukulala. Na kwa kuwa tulikuwa tumesema maneno mengi bila kujua, tukaona angalau sasa tujue. Tulimwendea yule bwana shamba mara kadhaa, tukasoma, tukaulizia. Tunakupeni tulichokipata, kwani nacho ni katika kutafakari viumbe vya Mwenyezi Mungu.

Kwanza, chungwa si mti wa porini. Hakuna msitu uliowahi kuwa na machungwa matamu yaliyoota yenyewe tangu asili. Chungwa ni mtoto wa furungu na chenza. Furungu ndilo lile kubwa kama kichwa cha mtoto, lenye ganda nene kama godoro. Wataalamu wa China walipotoa ramani ya vinasaba vya chungwa mwaka 2013, walithibitisha ukoo huo, na mama yake ni furungu. Hata hivyo si nusu kwa nusu. Baada ya kuchanganyika mara ya kwanza, damu ya chenza iliongezwa tena, ndiyo maana chungwa lina zaidi ya chenza kuliko furungu. Ukilimenya utaona yote mawili: ukubwa na ganda lililogandana limechukua upande wa furungu, utamu na rangi upande wa chenza.

Na danzi je? Hapa tulishika vichwa. Danzi nalo ni mtoto wa furungu na chenza! Lenyewe ndilo nusu kwa nusu. Kwa hiyo chungwa na danzi ni ndugu hasa, mmoja mtamu mmoja mchungu, kama watoto wa nyumba moja. Balungi ni mtoto wa furungu na chungwa, na alizaliwa mbali, visiwa vya Karibi, katika karne ya 18. Limau ni mtoto wa danzi na utrujja. Ndimu nayo ina utrujja upande mmoja wa ukoo wake. Ukitaka kuujua ukoo huu jikoni kwako, shika wazee watatu: furungu, chenza na utrujja. Wengi wa wengine unaowanunua sokoni ni watoto na wajukuu wao. Asili ya wazee wenyewe ni Asia, na utafiti wa mwaka 2018 uliiweka asili ya jamii yote chini ya milima ya Himalaya, upande wa kusini mashariki, miaka kama milioni nane iliyopita.

Jina lake la kitaalamu ni Citrus sinensis, na hilo neno la pili maana yake ni la China. Linnaeus, yule Msweden aliyeipa mimea majina, mwaka 1753 alilihesabu chungwa tamu kuwa ni aina tu ya danzi. Mwanafunzi wake Pehr Osbeck, aliyesafiri mpaka China kwa meli kati ya mwaka 1750 na 1752, ndiye aliyelipa jina lake peke yake, likachapishwa mwaka 1765. Siku hizi mara nyingi utaona alama ya kuzidisha katikati ya jina, Citrus × sinensis, kuonyesha kuwa ni mchanganyiko. Wako wanaolirudisha pamoja na danzi chini ya jina moja la Citrus × aurantium. Na msidhani wataalamu hawagombani. Mmarekani Swingle alihesabu aina 16 za jamii hii yote, Mjapani Tanaka akahesabu 162. Sisi mafundi tunaelewa. Mmoja anahesabu mishono, mwengine anahesabu kila lesi inapobadilishwa.

Wachina waliyajua mapema. Mwaka 1178 Han Yanzhi aliandika kitabu kizima juu ya machungwa na machenza ya mji wa Wenzhou, akaeleza aina 27.

Sasa tuje karibu na kwetu. Al-Mas'udi, yule msafiri wa Baghdad, ambaye pia alifika Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanaamini ni Pemba yetu, aliandika kuwa naranji ililetwa kutoka India baada ya mwaka 300 Hijriya. Ikapandwa kwanza Oman, kisha ikapelekwa Basra na Iraq na Sham. Naranji hiyo ndiyo danzi. Akasema tena kuwa ilipohama, harufu na rangi iliyokuwa nayo India ilipungua, kwa kukosa udongo na hewa na maji ya kwao. Chungwa tamu lilifika baadaye sana katika nchi za Kiarabu na Ulaya, likaenezwa na Wareno. Ndiyo maana jamaa zetu wa Maskati wakitaka chungwa husema burtuqal. Ni jina la Ureno hilo, ingawa Ureno hakuna asili yake. Na pwani yetu tulikuwa nayo machungwa kabla ya Mreno hajatia nanga. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, mfalme alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Aliporudi akapita Malindi Januari 1499, wagonjwa wake wa kiseyeye walichotamani ni machungwa.

Hapa kuna jambo la dini ambalo nasi tulikuwa tukilikosea. Katika hadithi mashuhuri ya Abu Musa Al-Ash'ari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemfananisha muumini anayesoma Qur'ani na tunda la utrujja, kwa uzuri wa harufu na uzuri wa ladha. Chuoni tulifasiriwa utrujja kuwa chungwa, na pengine nanyi vilevile. Lakini kwa habari ya Al-Mas'udi, hata danzi lilikuwa bado halijafika Bara Arabu wakati ule. Utrujja ni tunda jengine, refu, manjano, ganda nene lenye harufu inayojaa chumba, Citrus medica kwa jina la kitaalamu. Ni yule mzee wa tatu tuliyemtaja. Waalimu wetu hatuwalaumu. Walitafuta tunda ambalo mtoto wa Unguja analijua, na mafunzo ya hadithi hayaharibiki. Ila ukijua, mfano unakuwa na harufu zaidi.

Na kwa bibi harusi wetu: yale maua meupe mnayotuletea kwenye picha, yameshonwa kichwani na mabegani, ni maua ya mchungwa. Mtindo ulivuma Ulaya zaidi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuyavaa harusini tarehe 10 Februari 1840. Maua ya danzi ndiyo yanayotoa mafuta ya thamani ya manukato. Kwa hiyo msilidharau danzi, uchungu wake uko kwenye tunda tu. Mambo mawili ya faida: chungwa letu la visiwani huiva likiwa bado kijani, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuligeuza rangi. Usilikatae sokoni kwa ukijani wake. La pili, ukipaka ndimu au danzi mwilini kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kubabuka na kuacha mabaka meusi. Tumeshamvalisha bibi harusi mikono mirefu asiyoitaka kwa sababu hiyo. Maganda makavu tieni kwenye singo mkipenda, maji yake mabichi na jua visikutane.

Kuna mwanamke mmoja tulimpenda katika kusoma kwetu. Eliza Tibbets, wa Riverside, California. Mwaka 1873 aliletewa miche michache ya chungwa lisilo na mbegu, ambalo asili yake ni Bahia, Brazil. Inasimuliwa kuwa aliimwagilia maji aliyooshea vyombo. Kwa kuwa tunda halina mbegu, kila mti mwengine ulipatikana kwa kuhamisha jicho kutoka mti mpaka mti, na mashamba makubwa ya California yalitokana na uani kwake. Mti mmoja katika ile ya mwanzo bado umesimama Riverside. Hapo ndipo tulipofahamu kitu. Mchungwa wa kubebesha haufi maadamu jicho lake moja liko hai mahali pengine. Na mchungwa wa mama ulikuwa hai. Ulikuwa nyumba ya tatu, kwa Mama Mdogo.

Tulikwenda baada ya sala ya Alasiri, sote wawili, mikono mitupu. Tulizungumza kwenye baraza kabla ya kukaribishwa ndani, kwa sababu tulijua tukikalishwa kitako tutaishia kunywa chai na kuondoka. Tukamwambia tulilolisema na tuliowaambia. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema, "Nilijua. Mama yenu aliniambia siku ya harusi, akaniomba radhi kwa niaba yenu." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo likitujia mkono unasimama kwenye cherehani: "Mti nilikuwa nikiusifu kwa sababu ukinikumbusha baba yenu. Yeye ndiye aliyenipa wangu, wakati ambao mimi sina mume wala sina kitu."

Suratul Hujurat imetuonya juu ya dhana na kusengenyana, na sisi tuliisoma tukiwa wadogo mpaka tukaihifadhi. Kuhifadhi hakukutusaidia. Tuliwarudia wateja mmoja mmoja, wale tuliowakumbuka, tukawaambia tulimsingizia. Wengine walikuwa wameshalisahau. Wengine walikuwa wamelipeleka mbele, na hilo hatuna namna ya kulifuata.

Bwana shamba alikuja na kisu kidogo. Mama Mdogo mwenyewe ndiye aliyechagua kijiti kwenye mti wake. Kwenye chipukizi changa la mdanzi, unene wa kalamu, alichana ganda kwa umbo la herufi T, akalifungua kama tunavyofungua mfuko wa kuchomeka, akalitelezesha jicho ndani, akalifunga kwa ukanda wa nailoni. Alitufanyia matatu. Baada ya wiki tatu tukafungua: mawili yamekauka, moja ni kijani. Tukakata juu yake, safari hii tukiwa tumeuliza kwanza.

Huu ni mwaka wa pili. Lile jicho limekuwa tawi linalotupita urefu, majani yake yana vile vibawa vyembamba. Mdanzi bado unajaribu kuchipua kutoka chini, na kila Ijumaa tunapita na mkasi kuvikata vichipukizi vyake, la sivyo utalishinda lile tawi. Bado halijazaa. Mama kila asubuhi anakwenda kuligusa, haamini mpaka aonje. Sahani za futari zimerudi njia yake, ingawa Mama Mdogo hakai kwetu muda mrefu kama zamani. Hatumlaumu. Tunamshonea buibui za mwaka bila ya malipo, naye kila msimu anatuletea beseni la machungwa, akisema ni ya baba yenu haya.

Dada yetu, jambo likikuharibikia, iwe gauni, ndoa au mti, kabla ya kumtafuta mwenye jicho, tazama kwanza panga lilipitia wapi. Na ukimsifu mtu kitu chake, mtilie mashaallah. Nasi tunaosifiwa tusikae kuhesabu nani kaitia na nani hakuitia.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyajua na tusiyoyajua, awarehemu wazee wetu waliotupandia, na awatie bibi harusi wetu nyumba zenye upendo na rehema. Amin.

Wassalaam alaykum.